Ngamia wa Watoto

"Namba saba," Maano akasoma, kidole kikifuata mstari kwenye karatasi aliyoichana daftarini, "kupanda ngamia kando ya mto."

Mzee Hirsi alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe. Kicheko kikamkuta hapo hapo, chai ikamwagikia kanzu yake mpya ya Idi, wala hakuijali.

"Subiri kwanza," akasema akijifuta. "Mtoto wa Griftu, aliyezaliwa katikati ya ngamia, anakaa ndani ya basi siku nzima akitapika, aje Garissa apande ngamia?"

"Rafiki yangu wa shuleni alipanda, Awowe. Alivishwa na kofia."

"Mjukuu wangu, ngamia si punda. Ngamia anakamwa. Ngamia anabeba nyumba. Ngamia anatolewa mahari. Wanaompanda ni watatu tu: mtoto, mgonjwa, na mzee asiyejiweza. Ukiona mtu mwenye afya yake amekaa juu ya ngamia, jua kuna mahali malezi yalikosewa. Na huyo anayewapandisha watu kwa mchezo, huyo ndiye hana malezi kabisa."

Ifrah alikuwa ameshika birika, akimimina chai ya pili. Aliendelea kumimina mpaka anjera, vile vikate laini vya asubuhi, zikaanza kuogelea.

"Ifrah," akasema Arbia taratibu, "hiyo ni sahani."

Arbia alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Ifrah, yaani habaryar wake, na nyumba hii ya Garissa ilikuwa yake. Jicho lake halikupitwa na jambo. Ifrah akaomba radhi, akakimbilia kitambaa, akapangusa huku uso ukimwaka.

Na tusifichane, alikuwa na sababu. Siku nne zilizopita baba yake alishuka kwenye basi kutoka Griftu na wajukuu wawili, watoto wa kaka yake Ifrah: Maano wa miaka minane, na Bishar wa miaka mitano ambaye hakuwa na meno ya mbele. Walikuja kula Idi mjini. Ifrah alimwacha mzee apumzike, akamwambia jambo ambalo binti wa Kisomali hulisema mara moja maishani, na hulisema akiutazama mkeka. Kuna mtu. Anaitwa Abshir. Wazee wake wanaomba kuja kuleta maneno.

"Anafanya kazi gani?" mzee aliuliza.

"Kazi ya ngamia, Aabo."

Uso wa mzee ukachanua. "Mtu wa ngamia ni mtu," akasema. "Waje Idi ya pili, baada ya alasiri. Wakinipendeza nitawajibu siku hiyo hiyo, na wasiponipendeza nitawajibu siku hiyo hiyo pia."

Akalala usiku ule akiwa ameshamjengea mkwe wake zizi kubwa na nafasi yake kwenye soko la mifugo. Ifrah alimwona akijenga, akanyamaza. Hakusema uongo, ila hakumalizia. Ngamia wa Abshir walikuwa wawili tu, na kazi yao ilikuwa hiyo hiyo namba saba: kuwazungusha watoto kwenye bustani ya kando ya mto, siku za mapumziko na siku za Idi.

Sasa Idi ya pili ilikuwa imefika. "Leo nitakwenda nao mwenyewe," mzee akasema, akichukua fimbo yake. "Nataka nimwone huyo mwendawazimu kwa macho yangu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ifrah alikuwa amekibana kikohozi chake siku nne, na sasa kilikuwa kooni.

Alijificha nyuma ya jiko, kando ya tangi la maji, akapiga simu.

"Abshir, leo usiende kazini."

"Idi njema na wewe pia," akajibiwa, na alilisikia tabasamu ndani ya sauti.

"Sifanyi mzaha. Aabo anakuja huko na watoto. Anakuja kumcheka mwenye ngamia."

Tabasamu likaondoka. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele.

"Kwani hujamwambia?"

"Nilimwambia kazi ya ngamia."

"Ngamia wangapi?"

"Hakuuliza."

"Ifrah."

"Ni leo tu, Abshir. Sema ngamia wanaumwa. Wazee wako waje, Aabo akubali, halafu tumweleze polepole."

"Tumweleze polepole kwamba alimpa binti yake mtu ambaye hayupo." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma Ifrah zaidi. "Mimi sioni haya kwa kazi yangu. Nilidhani na wewe huoni."

"Sioni haya."

"Basi mbona unanificha? Leo unanificha kwa baba yako. Nikikuoa utanificha kwa majirani. Tukizaa, watoto wetu watawaambia wenzao baba yao ni nani?"

Ifrah akautazama ukuta wa tangi.

"Nitakuwa mahali ninapokuwa siku zote," Abshir akasema. "Ukipita ukanijua, nitafurahi kuliko mtu yeyote Garissa. Ukipita kama hunijui, nitaelewa. Nitawapigia wazee wangu wasitoke nyumbani."

Simu ikakatika. Ifrah akabaki ameishika sikioni kama mtu anayesubiri chenji.

*

Karatasi ya Maano ilianza na daraja. Walisimama juu yake wote watano. Tana ilikuwa imejaa, maji mekundu yakipita kwa utulivu chini ya miguu yao, na Maano akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Awowe, haya maji yote ni ya nani?"

"Ya Mwenyezi Mungu."

"Sasa mbona hakuna foleni?"

Mzee Hirsi, ambaye amepanga foleni ya maji tangu azaliwe, alifikiri sana. "Hata mimi sijui," akakiri. "Hawa wa Garissa wana bahati na wala hawashtuki."

Namba mbili ilikuwa aiskrimu. Bishar aliilamba mara tatu, akaona ni tamu mno kwa mtu mmoja, akaitia mfukoni mwa shati lake la Idi ampelekee mama yake Griftu. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye soksi. Alilia mpaka akanunuliwa nyingine kwa sharti la kuila pale pale. Namba tatu ilikuwa tuktuk, na hiyo ilitimizwa kwa mizunguko miwili. Namba nne, twiga wa kule nje ya mji, Maano aliifuta mwenyewe.

"Twiga wanapita kisimani kwetu kila jioni," akasema. "Nani atasafiri kwenda kuwaangalia majirani?"

Wakacheka wote. Ifrah pia alicheka, lakini hakuwa pale. Alikuwa anahesabu namba zilizobaki.

Namba tano na sita, bembea na jumba la kurukia, ziliwapeleka bustanini baada ya adhuhuri na wali wa nyama. Garissa nzima ilikuwa imevaa mpya na kumwagika huko. Watoto waliochorwa hina mpaka viwiko walikuwa wanagombea bembea. Kulikuwa na lile jumba la plastiki lililojazwa upepo, ambalo mtoto huingia akiwa amechanwa nywele na kutoka kama aliyepigana na paka. Bishar alirukaruka humo mpaka akasahau aiskrimu. Arbia, miaka hamsini na minane, aliuliza mara mbili kama kuna umri uliokatazwa.

Kisha Maano akaikunjua karatasi yake. "Namba saba."

Ifrah alimwona kabla hajaonyeshwa. Abshir alikuwa anamshusha mtoto kutoka kwa ngamia wake mweupe, Adde, akimshika kwapani kwa uangalifu, akimwambia maneno yaliyomfanya mtoto acheke. Hivyo hivyo ndivyo alivyomwona mara ya kwanza, mwaka uliopita, alipowaleta watoto wa darasa lake la chekechea. Msichana mmoja alikuwa amegoma kupanda, amegoma kushuka, amegoma kila kitu. Walimu watatu walishindwa. Abshir akakaa chini mchangani, akamwambia kwamba Adde ndiye anayeogopa, anaomba ashikwe mkono. Ndani ya dakika tano msichana alikuwa anambembeleza ngamia. Ifrah alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amesahau mkoba, na aliurudia kesho yake ilhali angeweza kupiga simu aletewe. Ninyi mnajua mambo hayo yanavyokwenda.

Sasa mzee Hirsi alisimama mbele ya kamba ya uwanja, akaegemea fimbo yake, akakohoa.

"Tazama, Arbia. Mwanamume mzima, ndevu zimejaa, anazunguka na watoto kutwa kama ng'ombe wa kinu cha kukamua ufuta. Hebu niambie, kuna baba gani duniani atampa huyu binti yake?"

Alisema kwa sauti ya mzee asiyesikia vizuri, yaani bustani nzima ilisikia. Abshir akainua macho. Hayakwenda kwa mzee. Yalikwenda kwa Ifrah, yakatua, na katika mtazamo huo mmoja hakukuwa na hasira wala ombi. Kulikuwa na mwanamume anayempenda, aliyechoka kusubiri. Kisha akageuka, akajishughulisha na kamba ya Adde, akampa mgongo ili apite bila kuaibika.

Ule mgongo ndio uliomshinda Ifrah.

"Wewe, Aabo," akasema.

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye baba huyo." Akanyoosha mkono kumwonyesha mwenye ngamia. "Huyu ndiye Abshir. Wazee wanaokuja leo ni wake. Ngamia wake ni wawili, na ndio hao unaowaona. Sikukwambia yote kwa sababu niliogopa utacheka. Kosa ni langu, si lake. Na nampenda hivyo hivyo alivyo."

Abshir akaachia kamba. Adde, ambaye hakuwa na abiria wakati huo, akaona huo ni uhuru, akajiendea zake kwa madaha mpaka kwa muuza aiskrimu na kuingiza kichwa chini ya mwavuli. Ikabidi mwenyewe amkimbilie huku watoto wakishangilia. Si hivyo mtu anavyopanga kukutana na baba mkwe.

Alirudi akihema, kamba mkononi, akainamisha kichwa kama mbele ya amu yake. "Assalaam aleikum, Adeer."

"Wa aleikum salaam," mzee akajibu, kwa sababu salamu ni haki hata ya adui. Kicheko chote cha asubuhi kilikuwa kimemtoka usoni. Alimtazama binti yake kwa muda, akageuka. "Twendeni nyumbani."

"Awowe, bado namba saba," akasema Maano.

"Nimesema twendeni."

"Hirsi," akaita Arbia.

Hakuna aliyemwona Arbia akipita chini ya kamba. Alikuwa amesimama ubavuni mwa Adde, amenyoosha mkono, anashikashika kile kiti cha watoto. Hakikuwa kiti cha duka. Kilikuwa fito zilizopindwa zikakutana juu, mikeka minene ya nyuzi chini yake, na kamba za kusokota zikizunguka tumbo la ngamia mara tatu na kufungwa kwa fundo pana, bapa, lenye masikio mawili.

"Nimesema twende, Arbia."

"Na mimi nimesema njoo. Njoo uone mkono wa dada yangu."

Mzee akaenda, shingo upande. Akaliangalia lile fundo. Akaweka fimbo kwapani, akalishika kwa mikono miwili, na Ifrah akaona vidole vya baba yake vikilifuata polepole, sikio la kwanza, sikio la pili, kama vinavyosoma.

Hapa lazima niseme jambo kwa wale wasiolijua. Kwa wafugaji, nyumba ni mali ya mwanamke. Ni yeye anayeijenga, anayeibomoa wakati wa kuhama, na anayeifunga juu ya ngamia. Mwanamume anamchunga ngamia, anamkamua, anampigania, lakini fundo la mzigo halijui. Na kila ukoo wa wanawake una fundo lake, mama kwa binti.

"Nani alifunga hili?" mzee akauliza.

"Mimi, Adeer."

"Nauliza nani alifunga."

"Ni mimi. Sikujaliwa dada. Tulikuwa mama na mimi tu. Siku ya kuhama ilipofika macho yake yalikuwa yameharibika, akanikalisha, akanifundisha kwa kunishika vidole. Nilikuwa na miaka tisa."

"Mama yako ni wa wapi?"

"Kwao ni upande wa Takaba."

Arbia akapiga kiganja juu ya kiganja. "Na sisi bibi yetu mzaa mama alitoka wapi, Hirsi?"

Mzee akamkazia macho kijana. "Wavulana wenzako walisema nini?"

"Walinicheka. Waliniita msichana."

"Na hukuacha?"

"Ningeacha mzigo ungeanguka, Adeer."

Mzee Hirsi akaingiza fimbo yake chini ya kamba, akaivuta kwa uzito wake wote, mguu mmoja umekita mchangani. Adde akageuza shingo ndefu kumtazama kwa dharau. Fundo halikusogea hata unywele. Akavuta tena. Kisha akaiondoa fimbo, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavua kofia yake.

"Mwaka ule wa ukame mkubwa," akasema, na ilikuwa wazi kwamba hasemi na mtu mmoja, "tulihama familia sita. Siku nane tulitembea kutafuta maji. Mizigo ya wenzetu ilianguka njiani, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu Kaha alifunga fundo hili hili. Juu yake aliweka kikapu, na ndani ya kikapu aliweka mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu. Siku nane nilitembea kando ya ngamia yule nikiitazama kamba. Nilikuwa nikiiombea dua kamba. Haikulegea."

"Mtoto alikuwa nani?" Bishar akauliza.

Mzee akamwelekezea Ifrah kidevu.

Ifrah hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Mama yake hakuwa mtu wa kusimulia, na miaka sita sasa hakuwapo wa kuulizwa. Alijikuta analia mbele ya watu, siku ya Idi, hina ikiwa mbichi mikononi, na hakujali. Arbia naye alikuwa anajipangusa kwa ncha ya shali na kulilaumu vumbi.

"Ifrah," mzee akasema.

"Naam, Aabo."

"Uliniambia ni mtu wa ngamia. Hukunidanganya. Lakini siku nyingine ukiniletea habari niletee nzima, nusu yake inanitia kiungulia." Akamgeukia Abshir. "Na wewe, wapandishe wajukuu wangu. Tunamaliza namba saba."

Maano na Bishar wakapandishwa. Adde akainuka kwa awamu zake, nyuma kwanza, kisha mbele, na watoto wa Griftu waliozaliwa katikati ya ngamia wakapiga kelele za furaha kuliko watoto wote wa mjini. Mzee akatembea kando yao mizunguko mitatu. Hakuitazama kamba hata mara moja.

Abshir akapita karibu na Ifrah, mikono yote miwili kwenye kamba kama inavyotakiwa, macho chini.

"Umepita na umenijua," akasema kwa sauti ya chini.

"Nisamehe ya asubuhi."

"Ya asubuhi nimeisahau. Hii ya sasa hivi nitaikumbuka mpaka nizeeke."

Ifrah akacheka ndani ya machozi, na hakutafuta mahali pa kujificha.

Adhana ya alasiri ikawakuta bado wako bustanini. Wakaswali hapo hapo, kisha Arbia akaenda barabarani kutafuta tuktuk na kurudi mikono mitupu. Zote zilikuwa zimejaa watoto. Nyumbani si karibu, mchanga ulikuwa bado unawaka, na mzee alikuwa anakanda goti lake la kulia, lile alilosafiri nalo tangu Griftu bila kulitaja.

"Wazee wa kijana huyu wanafika saa ngapi?" akauliza.

"Wako njiani, Adeer," Abshir akasema. "Sikuwazuia."

"Nikitembea na goti hili watanikuta sipo. Watasema Hirsi amewakimbia. Ni aibu." Akamtazama Adde kutoka kwato mpaka nundu. "Arbia, nilisema asubuhi wanaompanda ngamia ni akina nani?"

"Mtoto," Arbia akahesabu, akianza kuelewa na kujifunika uso kwa shali, "mgonjwa, na mzee asiyejiweza."

"Basi leo mimi ni mgonjwa. Wote mmeshuhudia."

Abshir akampigisha Adde magoti na kumkalisha mzee mahali pa watoto, akakagua fundo mara mbili. Adde akainuka. Mzee Hirsi wa Griftu, mwenye ngamia thelathini na asiyewahi kumpanda hata mmoja tangu ajue kutembea, akapaa juu ya umati wa Idi, fimbo yake mapajani, mgongo umenyooka. Watu wakageuka. Wengine wakaguna. Maano akakunjua karatasi yake mgongoni mwa Bishar na kuandika namba nane: Awowe juu ya ngamia.

Wakashika njia ya nyumbani. Abshir mbele na kamba, ngamia wa pili akifuata nyuma, Ifrah hatua mbili kando ya Abshir, na kila baada ya hatua chache kijana aligeuza shingo upande ule. Mara ya tatu Adde akakwaa kijiwe.

"Abshir," sauti ikatoka juu.

"Naam, Adeer."

"Tazama njia. Binti yangu utamtazama miaka yote iliyobaki."